Kompyuta ndani ya kompyuta: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu mashine pepe

Nimechoka kurudia maelezo yaleyale kwenye voisi. Kila wiki lazima mtu anipigie, mara dogo wa chuo anataka Linux (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kama Windows ilivyo) kwa ajili ya somo la netiweki, mara mwenye duka la vipuri Gerezani ana programu ya stoo ya zamani ambayo haikubali kufunguka kwenye kompyuta mpya, mara jirani yangu hapa Sinza kasikia tu kuna kitu kinaitwa Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na anataka akione, na wote nawaambia kitu kimoja, usifomati, weka mashine pepe kwanza. Sasa nimeyaandika yote hapa, soma, ukikwama ndo unitafute.

Mashine pepe ndo nini hasa?

Chukulia una nyumba yako Manzese, unakaa mwenyewe, afu unampangisha mtu chumba. Mpangaji ana mlango wake, ana funguo zake, anapika chake, anaweza akapaka chumba rangi anayotaka, lakini kuta ni zako na luku ni moja. Windows yako ndo mwenye nyumba. Linux, au Windows nyingine, ndo mpangaji, na inakaa ndani ya dirisha kama brauza inavyokaa. Tofauti na mpangaji wa kweli ni kwamba huyu hajui kama amepanga, yeye anaona ana prosesa yake, ramu yake, diski yake, kadi yake ya mtandao, kumbe ile "diski" ni faili moja kubwa tu limekaa kwenye folda kwako.

Na wala sio kitu kipya, IBM walikuwa wanafanya hivi kwenye yale makompyuta makubwa ya chumba kizima tangu miaka ya 1960, VM/370 yao ilitoka 1972. Kwetu huku kwenye kompyuta za kawaida mambo yalikolea pale Intel walipoweka msaada wa kazi hii ndani ya prosesa zenyewe mwaka 2005, AMD wakafuata 2006. Ndo maana hata laptopu ya mtumba ya Kariakoo mara nyingi inaweza.

Si bora nifomati tu niweke Linux moja kwa moja?

Ukiwa na uhakika kwamba unaitaka, sawa. Ila wengi hawana uhakika, wanaifuta Windows Jumamosi, Jumatatu wananiletea laptopu niwapigie windo tena kwa sababu printa ya ofisini haikukubali au faili la Excel la bosi limevurugika. Na mafaili ya zamani ndo yameshaenda hivyo.

Na ile ya kuweka mifumo miwili, ukiwasha unachagua?

Ile ni nzuri, kila mfumo unapata mashine nzima, gemu na video zinakimbia. Ubaya wake ni kugawa diski, na hapo ndo watu wanalia, ukikosea sehemu moja umefuta sehemu ya Windows. Pia huwezi kutumia yote miwili kwa wakati mmoja. Kwa mtu anayejifunza naona aanzie kwenye mashine pepe, akishaizoea Linux mwezi mmoja au miwili ataamua mwenyewe.

Laptopu yangu itaweza?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni kujazia.

Angalia ramu kwanza. Ramu ni kama luku ya kuchangia, ukimpa mpangaji 4GB, hizo 4GB wewe huna mpaka umzime. Windows 11 ikiwaka tu na brauza ikiwa na tabu kadhaa unakuta imeshakula 4GB hivi. Kwa hiyo laptopu ya ramu 4GB usijisumbue, utaganda wewe na mpangaji wako. 8GB inawezekana, ila unampa mpangaji 2GB au 3GB, unachagua Linux nyepesi kama Lubuntu au Xubuntu, na unafunga Chrome, nasema FUNGA, sio kuishusha chini. 16GB hapo unaishi vizuri, unaweza ukawa na wapangaji wawili kwa mpigo.

Cha pili ni diski. Kama bado una ile diski ya kuzunguka, hata uwe na ramu ya kutosha utakaa unaangalia, kwa sababu mifumo miwili inagombania sindano moja. SSD, ile diski isiyozunguka, inabadilisha kila kitu. Mtu akiniambia ana hela kidogo achague kipi, namwambia kama una ramu 8GB nunua SSD, kama una SSD na ramu 4GB ongeza ramu. Ila kabla hujamtuma mtu Kariakoo akununulie ramu, fungua laptopu uangalie au mwambie fundi afungue, zipo nyembamba nyingi ambazo ramu imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu hapo. Na aina inatofautiana, DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, nimeona watu wamerudi dukani mara tatu.

Prosesa ya koo (core) nne inatosha. Nafasi kwenye diski, tenga 25GB mpaka 40GB kwa Linux moja, Windows 11 inataka 64GB.

Na joto. Hapa Dar mwezi wa pili laptopu ikiwa juu ya godoro na mifumo miwili inakimbia, feni italia kama bajaji inapanda mlima. Iweke mezani.

Nitajuaje kama prosesa yangu inakubali?

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, bofya CPU, chini pale tafuta neno Virtualization. Ikiwa Enabled umemaliza. Ikiwa Disabled inabidi uingie bayosi (BIOS, zile setingi za mashine yenyewe kabla Windows haijaanza), unazima mashine, ukiiwasha unagonga kitufe haraka haraka kabla Windows haijawaka. Dell mara nyingi ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Ukiingia tafuta kitu kinaitwa VT-x au Intel Virtualization Technology, kwa AMD kinaitwa SVM, washa, sevu, toka.

Angalizo moja ambalo mafundi wengi hawasemi, kama diski yako imefungwa na BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, ukichezea bayosi Windows inaweza kukuomba ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48. Utafute ufunguo huo kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike mahali, ndo uguse bayosi.

Dalili ya kwamba haijawashwa ni kwamba VirtualBox (programu ya mashine pepe, naieleza hapo chini) inakataa kuwasha mashine, inaleta meseji ndefu yenye maneno VT-x. Watu wanaona lile neno wanadhani laptopu imekufa. Haijafa, iwashe tu huko bayosi.

Nitumie programu gani?

Mimi nawaelekeza watu VirtualBox. Ni ya bure, ilianzishwa na kampuni ya Ujerumani inaitwa Innotek, ikatoka kwa watu wote 2007, 2008 Sun wakainunua, 2010 Oracle wakawanunua Sun, ndo maana unaiona na jina la Oracle. Programu yenyewe haina shida hata ofisini, ila kile kifurushi cha nyongeza kinachoitwa Extension Pack kina leseni yake, nyumbani bure, ofisini inabidi mlipie. Wengi wala hawakihitaji, wanakidaunlodi kwa mazoea.

VMware Workstation nayo ni nzuri, kwa macho yangu picha zinaenda laini zaidi. Zamani ilikuwa ya kulipia, watu wakawa wanatafuta funguo za wizi, lakini tangu Broadcom wainunue VMware mwishoni mwa 2023 wameifanya bure, Mei 2024 kwa matumizi binafsi na Novemba 2024 hata kwa biashara. Kwa hiyo acheni kutumiana zile programu za kuvunja leseni, mnatumiana virusi bure.

Hyper-V ipo tayari ndani ya Windows Pro, haimo kwenye Home. Na kama wewe tayari uko kwenye Linux, tumia KVM na Virt-Manager, KVM ipo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, tangu 2007 na kwa uzoefu wangu inakimbia kuliko zote nilizotaja.

Bando je? Hilo faili la kudaunlodi la kuwekea Linux lina GB ngapi?

Ubuntu 24.04 ni karibu 6GB. Linux Mint kama 3GB. Debian ile ndogo ya mtandao haifiki 1GB, ila usidanganyike, itavuta vilivyobaki wakati wa kuiweka.

Ushauri wangu, usidaunlodi kwa hotispoti mchana. Tafuta bando la usiku au nenda sehemu yenye waifai, chuoni, ofisini, kwa rafiki mwenye faiba. Bora zaidi muulize mwenzako kama analo, faili la ISO, yaani hilo la kuwekea mfumo, ni lilelile, unalikopi kwa flashi mnaendelea na maisha. Flashi yako ikikataa kupokea faili la 6GB na inakuambia faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo, ni kwa sababu imefomatiwa FAT32 ambayo haibebi faili linalozidi 4GB, ifomati kuwa exFAT.

Faili la kukopi kwa mtu lihakikishe kabla hujapoteza jioni nzima. Fungua CMD (lile dirisha la Windows la kuandikia amri) andika certutil -hashfile kisha jina la faili kisha SHA256, itakupa mstari mrefu wa herufi na namba, ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya wenyewe. Ukitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika au limechezewa.

Nimeanza kuweka Ubuntu, inasema itafuta diski YOTE. Nimezima haraka. Nimeharibu?

Hujaharibu. Hili nimeulizwa na watu wengi kuliko maswali mengine yote na naelewa kabisa hofu yake, maana ile meseji inatisha. Kumbuka mpangaji hajui kama amepanga. Anapokuambia "diski yote" anamaanisha ile anayoiona yeye, yaani lile faili lako la 25GB ambalo liko tupu. Windows yako, picha za harusi, sijui ripoti ya fildi, hazioni kabisa. Kubali, endelea.

Ila hakikisha uko NDANI ya dirisha la VirtualBox. Kuna mtu alichoma Ubuntu kwenye flashi, akaiwashia laptopu yenyewe, akakutana na meseji hiyohiyo, akakumbuka kwamba nilisema ukubali. Huyo sikuwa na la kumsaidia.

Ubuntu imejiweka yenyewe bila kuniuliza kitu, sasa sina ruhusa ya sudo (ruhusa ya msimamizi), na tarminali, lile dirisha la kuandikia amri, haifunguki

VirtualBox mpya ina kitu cha kukuwekea mfumo yenyewe bila kukuuliza maswali. Inakutengenezea jina la mtumiaji vboxuser na paswedi changeme, afu huyo mtumiaji hajawekwa kwenye orodha ya wenye sudo. Badala ya kuhangaika kurekebisha, futa, anza upya, na pale unapochagua ISO hakikisha umeizima Unattended Installation (kama kiboksi kimeandikwa Skip, kitie tiki) ili uweke kwa mkono wako. Dakika ishirini tu, na utajifunza zaidi.

Nimpe koo ngapi na ramu ngapi?

Nusu ya koo, na ramu isizidi nusu. Kwenye VirtualBox pale kuna mstari una rangi ya kijani na nyekundu, usiingie kwenye nyekundu hata kama una haraka, ukimpa mpangaji nyumba nzima mwenye nyumba atalala nje na yeye ndo anayeshikilia paa.

Iko taratibu sana, inastaki, nifanyeje?

Kwanza hakikisha umesoma pale juu kuhusu ramu na SSD. Kama hivyo unavyo na bado inastaki, angalia chini kulia mwa dirisha la VirtualBox. Ukiona kaalama ka kobe wa kijani, kobe kweli, sio utani wangu, ujue Hyper-V imewaka kwa Windows yako na imeishika prosesa, VirtualBox inabidi ipite kwa mlango wa nyuma ndo maana inatambaa. Hyper-V inaweza kuwa imewashwa na WSL (Linux ya ndani ya Windows), na Docker (programu ya watengeneza programu), au na ile setingi ya usalama ya Windows inayoitwa Memory Integrity.

Kuizima unafungua CMD kama msimamizi, unaandika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, unaiwasha mashine upya. Ukitaka kuirudisha unaweka auto badala ya off. Wakati mwingine inabidi uizime na hiyo Memory Integrity, ila hapo unapunguza ulinzi wa mashine yako, sio jambo la kufanya kwa kuiga tu. Na kama kazi zako zinatumia WSL 2 au Docker usizime, zitaacha kufanya kazi, tumia Hyper-V yenyewe uachane na VirtualBox.

Mausi imenasa ndani haitoki!

Ctrl ya KULIA. Kwenye VMware ni Ctrl na Alt kwa pamoja.

Skrini ni ndogo kama ya simu

Hujaweka Guest Additions. Hizi ni driva za mpangaji, zinamfundisha namna ya kuongea na mwenye nyumba, skrini itanyooka, mausi itaingia na kutoka yenyewe, kukopi na kupesti kutakubali. Kwenye Ubuntu kwanza andika sudo apt install build-essential dkms, ndo unaenda menyu ya Devices unachagua kuingiza ile CD ya Guest Additions, unaiendesha, unaiwasha mashine upya. Wanaoruka ile hatua ya kwanza ndo wanaoniambia "nimeweka lakini haibadiliki".

Nahamishaje mafaili kati ya Windows na Linux?

Tengeneza folda moja kwa Windows, iite chochote, kwenye setingi za mashine iongeze sehemu ya Shared Folders, weka tiki kwenye Auto-mount. Ukiingia Linux utaiona ila ukibofya itakukatalia, andika sudo usermod -aG vboxsf $USER halafu iwashe upya. Usishee folda yako yote ya Documents, shea folda moja ndogo ya kupitishia vitu, sababu nazisema kule kwenye virusi.

Intaneti inaingia yenyewe au nanunua bando lingine?

Inaingia yenyewe na bando ni hilohilo. Mashine ikiwa kwenye NAT, ambayo ndo inakuja nayo, mpangaji anapitia kwako kutoka nje, na huko nje hakuna anayemuona. Ukiweka Bridged anapata anwani yake mwenyewe kutoka kwenye ruta, anaonekana kama kompyuta nyingine mle ndani, hiyo inafaa kama unajaribu seva na unataka simu yako iifikie. Anayeanza abaki NAT.

Kitu kimoja kuhusu bando, Linux mpya ikiwaka inapenda kujiapdeti kimyakimya, unakuta MB 800 zimeenda ukiwa unakula. Zima apdeti za kujiendesha mpaka uwe kwenye waifai.

Nimeweka Kali Linux kwenye mashine pepe lakini haioni waifai yoyote

Na haitaziona. Mpangaji haioni kadi ya waifai ya laptopu, anachopewa ni kadi ya waya ya kuigiza. Ukitaka waifai kweli inabidi ununue kadi ya waifai ya USB, uichomeke na umpe yeye.

Afu wadogo zangu, Kali haimfanyi mtu kuwa haka, ni Debian yenye zana nyingi. Kujifunza ni vizuri, ila weka mashine mbili pepe, moja ya kushambulia moja ya kushambuliwa, zote ziweke kwenye Internal Network, mtandao wa mashine pepe zenyewe tu, ufanye fujo zako humo ndani. Waifai ya jirani sio maabara, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Umeme ukikatika?

Kwa laptopu yenye betri nzima huna shida, funga dirisha uchague Save the machine state, inalala kama ilivyo, ukirudi kesho unaikuta na mafaili yamefunguka palepale. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS ni kama kuchomoa waya wa kompyuta mbili kwa mkupuo. Mara nyingi itaandika Aborted, ukiwasha tena inapona. Mara nyingine ile diski pepe inaharibika, na haikupi taarifa. UPS ndogo nunua.

Snapishoti zinasaidia?

Snapishoti ndo utamu wote wa mashine pepe. Kabla hujafanya jambo unaloliogopa unapiga snapishoti, ni kama kupiga picha ya mashine nzima ilivyo muda huo, ukivuruga unarudi palepale kwa sekunde chache. Dogo mmoja wa chuo cha DIT nilimuonyesha hilo, akafuta folda ya mfumo makusudi, akarudisha, akafuta tena, akarudisha, alikaa nusu saa anacheka peke yake, na nadhani siku ile alijifunza Linux zaidi ya mwezi mzima wa darasani kwa sababu aliacha kuogopa.

Ila snapishoti SIO bakapu. Hili nimelilipia. Nilikuwa na mashine yangu ya kazi za wateja, nimeipiga snapishoti kumi na kitu, najiona mjanja, diski ikafa asubuhi moja, mashine na snapishoti zake zote zikaondoka pamoja kwa sababu zote zilikuwa folda moja kwenye diski moja. Siku hizi kila Ijumaa naitoa kama faili la OVA kwa Export Appliance naiweka kwenye diski ya nje. Na usizirundike, kila snapishoti inakula nafasi na inaipunguza mashine kasi, bakisha mbili tatu.

Nimefuta mafaili ya 15GB ndani ya Linux mbona diski yangu ya Windows haijaongezeka nafasi?

Lile faili la diski pepe linajua kukua tu, halijui kupungua lenyewe. Ndani ya Linux jaza sifuri kwenye nafasi tupu, zima mashine, futa snapishoti, halafu kwa Windows tumia VBoxManage modifymedium --compact. Kama hujaelewa sentensi hiyo acha, nunua diski ya nje.

Nina programu ya zamani ya dukani, inataka Windows XP tu. Inawezekana?

Hapa ndo mashine pepe inalipa kodi. Maduka mengi mjini yana programu ya stoo aliyoiandika kijana mmoja miaka hiyo, kijana hapatikani tena, na biashara nzima iko humo. Kompyuta yenyewe ni lile boksi la kijivu lenye vumbi ndani kama gunia la saruji, siku likizima ndo basi. Hiyo XP unaiweka kama mpangaji kwenye kompyuta mpya, ramu 512MB inamtosha kabisa, unahamisha programu na data, bosi anafungua dirisha anaona mambo yake kama jana.

Ila XP Microsoft waliacha kuitunza Aprili 8, 2014, na Windows 7 Januari 14, 2020. Kwa hiyo KATA MTANDAO. Kwenye setingi za Network toa tiki kwenye Enable Network Adapter, mpangaji huyo asitoke nje kabisa. Printa ya USB unaweza kumkabidhi kupitia menyu ya Devices, ila jua ukimpa yeye, wewe huku nje huioni mpaka uirudishe. Kama printa ni ile ya zamani ya tundu la pini 25, hapo utapata shida kidogo, wengine nimewaambia tu watoe risiti kama PDF kwenye folda ya kushea wachapie nje.

Kompyuta yangu imekataa Windows 11. Nikiiweka kama mashine pepe juu ya Windows 10 si nimepona?

Kuwaka inaweza kuwaka, VirtualBox kuanzia toleo la 7.0 inaigiza ile TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Lakini hujapona. Windows 10 iliisha muda wa matunzo ya kawaida Oktoba 14, 2025, na ndo mwenye nyumba wako, sasa mpangaji ana kitasa kipya chumbani halafu geti la nje halifungi, mwizi anaingia tu. Kwa mashine ya hivyo mimi nafanya kinyume, Linux Mint inakuwa mwenye nyumba, Windows inakuwa mpangaji wa kufungulia ile programu moja au mbili unazozihitaji.

Leseni ya Windows?

Ile iliyokuja na laptopu ni ya laptopu, mpangaji anahitaji yake. Kwa kujaribu kuna Windows 11 Enterprise ya siku 90 wanaitoa Microsoft wenyewe bure.

Virusi vikiingia mle ndani vinatoka?

Kwa kawaida havitoki, na ndo maana wataalamu wa usalama wanafungulia mafaili machafu mle. Ila milango tunaifungua wenyewe. Folda ya kushea ni mlango, virusi vya kufunga mafaili vikiingia kwa mpangaji vitafunga na vya kwenye folda hiyo. Bridged ni mlango. Kukopi na kupesti kwa pande zote ni kidirisha. Ukitaka kufungua kitu unachokishuku, funga vyote hivyo, piga snapishoti, fungua, ukimaliza rudi nyuma.

Nitacheza gemu?

Za karata.

Kwenye MacBook za M1 na kuendelea?

Hizo ni ARM, aina tofauti ya prosesa na za Intel, mpangaji naye awe wa ARM, zipo Ubuntu na Windows 11 za ARM. Programu ya mashine pepe inayoitwa UTM ni ya bure na inatosha. Usidaunlodi ISO ya kawaida ya Intel ukategemea itakimbia, UTM inaweza kuiigiza lakini utaona saa zinahesabika. Na kinyume chake, kuweka macOS kwenye laptopu ya HP, Apple hawaruhusu, leseni yao inataka iwe juu ya mashine ya Apple, hiyo msiniletee.

Nikiichoka naiondoaje?

Izime, bofya kulia kwenye jina lake, Remove, chagua Delete all files. Usipochagua hiyo, jina linaondoka kwenye orodha lakini lile faili la 25GB linabaki limejificha kwenye folda, ndo unakuja kuniuliza diski imejaa nini. Ukichagua, anaondoka na vyombo vyake vyote saa hiyohiyo, bila notisi ya miezi mitatu wala kwenda kwa mjumbe.